Gari la Spoti Hununuliwa Polepole

Fundi huyu huanza kukagua gari kabla hajaliona. Huketi kwenye meza ya jikoni kwake Fittja, kusini-magharibi mwa Stockholm, katika mojawapo ya majengo marefu yaliyosimamishwa wakati Uswidi ilipojiwekea lengo la kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Hufungua tovuti ya Transportstyrelsen, idara ya serikali inayosajili magari, akaandika namba ya gari analotaka kulijua. Safari hii pembeni yake ameketi binti aliyekwisha kulipenda gari kwa picha tu: Mazda MX-5 ya mwaka 1991, nyekundu, viti viwili, paa la turubai la kukunjwa, taa za mbele zinazochomoza juu ya boneti zikiwashwa. Fundi hazitazami picha. Anasoma tarakimu.

Ukaguzi wa magari ulianza kuwa wa lazima nchini Uswidi mwaka 1965, na gari linapopita ukaguzini kilomita zake huandikwa. Muuzaji amempelekea fundi picha za stakabadhi za ukaguzi wa miaka ya nyuma, naye anazipanga kwa tarehe na kunakili kilomita kwenye daftari, mstari mmoja kwa kila ukaguzi. Anatafuta mambo matatu. La kwanza, kilomita ziwe zinapanda, tena kwa mwendo unaoaminika. Gari la spoti linaloendeshwa majira ya joto peke yake huongeza elfu chache kwa mwaka, na pale kilomita zinaporudi nyuma, mazungumzo yameisha. La pili ni wamiliki: wangapi, na kila mmoja alikaa nalo muda gani. Gari lililobadilishwa mikono mara nyingi ndani ya muda mfupi huenda lina jambo ambalo kila mnunuzi aliligundua akalikimbia. La tatu ni miezi ambayo gari lilisajiliwa kuwa halitumiki. Wenye magari ya aina hii hapa huyapumzisha rasmi wakati wa baridi, na mapumziko hayo yana maana kwamba gari halikukanyaga chumvi ya barabarani. Fundi anapoona gari limepumzishwa baridi baada ya baridi, ndipo anapotabasamu kwa mara ya kwanza.

Kazi hii aliijifunza Mombasa, katika gereji iliyopokea magari yaliyotumika yanayoteremshwa bandarini Kilindini kutoka Japani. Mengi ya magari hayo hutoka minadani, na kila moja huja na karatasi yenye mchoro wa umbo lake uliojaa herufi. A ni mkwaruzo. U ni mahali palipobonyea. W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi upya. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Tarakimu ndogo baada ya herufi huonyesha ukubwa wa jambo. Gari lililopata ajali likatengenezwa hupewa R. Hapa Uswidi hakuna anayemletea karatasi ya namna hiyo, kwa hiyo anaichora mwenyewe. Kabla hajafunga daftari amekwisha kuchora umbo la Mazda kwa penseli, likiwa tupu, halina herufi hata moja.

Kisha anampigia simu muuzaji na kumwomba jambo moja: asiiwashe injini asubuhi ya kesho hadi wafike.

Muuzaji ni mzee mwenye asili ya Uturuki, mmoja wa wengi waliofanya makao Fittja tangu miaka ambayo reli ya chini ya ardhi ilifika hapa, mwaka 1972. Asubuhi ya Ijumaa, mwishoni mwa Aprili, gari linamsubiri fundi kwenye maegesho chini ya majengo. Wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, na huku wakiendelea kuzungumza fundi anaweka kiganja juu ya boneti. Ni baridi. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi: huamka kwa urahisi, na milio yake ya kwanza imekwisha kupita kabla mnunuzi hajafika. Fundi anamshukuru mzee kwa kutimiza ahadi, kisha anamwomba ruhusa ya kuanza.

Anaanza kwa mbali. Anachuchumaa hatua kadhaa nyuma ya gari, macho yakiwa usawa wa taa za nyuma, na kutazama ubavu wote hadi mbele. Mwanga wa asubuhi unapita chini chini juu ya rangi, na mahali popote chuma kilipowahi kunyooshwa, mwanga hupinda. Anahamia upande wa pili, anafanya hivyo hivyo. Ndipo anaposogea na kupima kwa jicho nafasi kati ya mlango na fenda, kati ya boneti na bampa. Nafasi hizo zinapaswa kulingana kushoto na kulia. Mlango mmoja ukibana juu na kuachia chini, ama bawaba zimechoka, ama bodi imewahi kugongwa ikavutwa.

Mfukoni ana kipima unene wa rangi, kifaa kidogo chenye kioo cha tarakimu. Anakigusisha kwenye chuma, anasoma, anasogeza kiganja kimoja, anagusa tena. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na unene wa maikroni zipatazo 100. Ikikaribia 200 na kupita, paliwahi kupakwa tena. Ikipita 1,000, chini yake pana puti. Fenda ya kulia inasoma zaidi ya 200 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hasemi neno. Anafungua boneti na kuitazama fenda hiyo kwa ndani, anakuta bolti zake hazina alama ya spana na rangi ya ndani ni ile ya awali. Haikubadilishwa, ilipakwa tu. Nyekundu ya magari haya huchujuka kwa jua ikawa ya waridi, na wengi huipaka upya kwa sababu hiyo peke yake. Kwenye mchoro anaandika W1.

Paa analichukulia muda. Analifungua na kulifunga mara mbili, akisikiliza vyuma vyake. Anapitisha kidole kwenye mikunjo ya turubai, mahali ambapo nyuzi hukatika kwanza. Dirisha la nyuma ni la plastiki, na plastiki ikikunjwa wakati wa baridi hupasuka, kwa hiyo anafungua zipu yake na kulilaza taratibu kabla hajalikunja paa. Halafu anatoa chupa ya maji.

Nyuma ya kila kiti, mahali turubai linapokutana na bodi, pana tundu dogo linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa na kuyashusha kwa paipu hadi chini ya gari, karibu na gurudumu la nyuma. Majani na vumbi hulijaza tundu hilo. Maji yakikosa njia hufurika, yakaingia ndani ya kizingiti, ule ubavu wa chuma ulio chini ya mlango, yakakaa humo. Fundi anamimina maji upande wa kulia, anainama kutazama chini: yanatoka papo hapo, mchirizi safi. Anamimina upande wa kushoto. Anangoja. Matone yanaanza kudondoka, moja moja, yakiwa na rangi ya udongo. Anaweka alama ya kuuliza kwenye mchoro, upande wa kushoto, mbele ya gurudumu la nyuma, na kuendelea na kazi.

Binti anamwuliza, "Mjomba, ni mbaya?"

"Bado sijui, mwanangu. Maji yameniambia pa kutazama. Nitapatazama."

Chini ya boneti kila kitu kinakaguliwa kabla ya ufunguo kuguswa. Anafungua kifuniko cha oili na kukigeuza: utando mweupe mzito chini yake ungeweza kuwa dalili ya maji kuchanganyika na oili. Ni kikavu. Anachomoa kijiti cha kupimia, anafuta, anachovya tena, anasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada ili asikie kama ina chembe. Rejeta ikiwa baridi, anafungua kifuniko chake na kumulika ndani kwa tochi. Anabana paipu za mpira moja moja. Mpira uliozeeka hulia chini ya vidole. Anamwomba mzee stakabadhi ya mkanda unaozungusha kemshafti, ambao kwenye gari hili hubadilishwa baada ya kilomita zipatazo 100,000, na mzee anaitoa kwenye faili bila kutafuta. Fundi anaipokea kwa mikono miwili.

Kisha analala kifudifudi juu ya kipande cha turubai mbele ya gari na kumulika puli iliyo mwisho wa kreki. Mazda hizi za mwanzo, hadi katikati ya mwaka 1991, zilitoka na kreki yenye pua fupi, na nyingine zililegea mahali puli inapofungwa hadi kreki ikaharibika. Dalili ya nje ni ndogo: puli ya kreki fupi ina nafasi nne, ile ya kreki ndefu iliyofuata ina nane. Anazihesabu kwa ncha ya bisibisi, bila sauti. Nane. Anainuka, anakung'uta magoti, anaandika.

Sasa anamwomba mzee awashe injini. Yeye mwenyewe anasimama nyuma, kwenye bomba la moshi, kwa sababu sekunde za mwanzo hazirudi. Moshi wa buluu ungesema oili inaungua, mweusi ungesema petroli imezidi, mweupe mzito wenye harufu tamu ungesema maji ya kupoza injini yanapenya ndani ya silinda. Unatoka mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi, na baada ya muda unakatika. Hapo anatembea kwenda mbele. Juu ya injini kuna mlio wa kugonga, mwepesi na wa haraka. Anainua kidole kutuomba tungoje. Vinyanyulio vya valvu vya injini hii hujazwa oili, na gari likilala muda mrefu huhitaji kitambo kidogo vijae. Mlio unapungua, unapoteza kasi, unanyamaza. Kama ungeendelea injini ikiwa imepata moto, ingekuwa habari nyingine.

Gari lina viti viwili tu. Mzee anabaki na binti, nami napewa kiti cha pili.

Nilidhani fundi angetaka kujua gari linakimbia kiasi gani. Anaanza kwa mwendo wa kutembea, madirisha wazi, akipita karibu na ukuta wa jengo ili sauti ya magurudumu irudi masikioni. Kwenye maegesho matupu anazungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Barabarani anapanda gia bila haraka, na ya pili anairudia mara kadhaa injini ikiwa bado baridi, maana ndiyo gia inayochoka mapema na meno yake hukataa kwanza wakati oili ya giaboksi ni nzito. Inaingia. Anapanda kilima kwa gia ya juu na kukanyaga mafuta ghafla: klachi iliyokwisha ingeruhusu injini ivume bila gari kuongeza mwendo. Kwenye mzunguko wa barabara anauachia usukani kidogo ili ujirudishe wenyewe. Anafunga breki akiwa ameushika kwa vidole viwili vya kila mkono, atambue kama gari linavuta upande.

Mwisho ndipo tunapoingia E4, barabara kuu inayopita ubavuni mwa Fittja kuelekea Södertälje. Hapo anafika kasi inayoruhusiwa na kukaa nayo, akisikiliza mtetemo. Mazda hii ina uzito usiofika tani moja, na magurudumu yake ya nyuma ndiyo yanayoisukuma. Kila kitu kinachotokea chini kinamfikia dereva kupitia kiti na usukani. Anaondoa mguu kwenye mafuta, analiacha gari lishuke kwa nguvu ya injini, kisha anakanyaga tena huku macho yakiwa kwenye kioo cha nyuma. Hapo oili inayopenya kwenye valvu ingetoa wingu la buluu. Nyuma yetu barabara ni safi. Katika safari nzima hakuwahi kulikimbiza gari, wala hakuacha kitu ambacho kasi ingekifichua.

Tunarudi injini ikiwa na moto, na ndivyo alivyotaka, kwa sababu kipimo kinachofuata huhitaji moto. Anachomoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake. Nyuso zao zina kahawia ya mkate, zote sawa. Anakata umeme wa plagi, anafunga geji ya mgandamizo kwenye tundu la kwanza, anamwomba binti akanyage mafuta hadi mwisho na kuzungusha ufunguo. Sindano inapanda kwa mikupuo. 12.4. Tundu la pili, 12.5. La tatu, 12.3. La nne, 12.4. Anamwonyesha binti daftari na kumweleza kwamba ukubwa wa namba una maana, lakini ulingano wake una maana kubwa zaidi: silinda nne zimezeeka pamoja. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake, ama ringi zake zimekwisha, ama valvu haifungi, ama gasketi imeanza kuachia.

Wengi wangekuwa wamekwisha kutoa pesa. Fundi anarudisha plagi, kila moja kwenye tundu lake, anazikaza kwa mkono kwanza ili zisipande uzi vibaya, kisha kwa spana. Halafu analaza kadibodi safi chini ya injini na nyingine chini ya difu, anaandika juu yake kwa kalamu upande wa mbele ni upi, na kufunga boneti. Mchana umefika. Msikiti wa Fittja una mnara, na ni kutoka hapo ambapo tarehe 26 Aprili 2013 adhana ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza nchini Uswidi. Fundi na mzee wanakwenda kusali Ijumaa pamoja, muuzaji na mkaguzi wake, wakiongea Kiswidi njiani. Gari linabaki peke yake juu ya kadibodi.

Wanaporudi, kuna tone. Moja tu, la oili, chini ya mahali injini inapokutana na giaboksi.

Hapa ndipo nilipouona ufundi wake waziwazi kuliko mahali pengine popote. Tone lililoanguka hapo mara nyingi husomwa kuwa sili ya nyuma ya kreki imekwisha, na kuifikia sili hiyo lazima giaboksi ishushwe. Mnunuzi mwoga angeondoka, mnunuzi mjanja angeshusha bei ya gari lote kwa sababu ya tone moja. Fundi anakunja karatasi laini kuwa ncha nyembamba na kuanza kupanda. Anagusa chini ya injini: karatasi inaloa. Anagusa juu zaidi: inaloa. Anapanda, akibadilisha karatasi kila mara, tochi ikiwa mdomoni, mkono ukipita nyuma ya injini mahali macho hayafiki. Anafika nyuma kabisa ya silinda hedi, chini ya kifaa kidogo kinachoipa kompyuta nafasi ya kemshafti. Hapo karatasi inatoka imelowa, na juu ya hapo inatoka kavu. Kifaa hicho kimefungwa kwa ringi ya mpira isiyozidi upana wa shilingi. Mpira umekakamaa kwa miaka, oili inapita, inateremka mgongoni mwa injini na kudondoka mahali panapotisha. Anamweleza mzee, na mzee anapumua kwa nguvu.

Kinabaki kizingiti cha kushoto. Karibu na hapo kuna karakana ambako mtu hukodi lifti ya gari kwa saa, na gari linapanda hewani. Fundi hakimbilii alama yake ya kuuliza. Anaanza mbele na kurudi nyuma kwa mpangilio ule ule anaoufuata siku zote. Bushi anazisukuma kwa mtaimbo mdogo. Magurudumu anayashika juu na chini, kisha kushoto na kulia. Breki za nyuma anazungusha diski kwa mkono kuona kama kalipa imeganda. Bolti ndefu za kurekebishia magurudumu anazimulika: katika nchi yenye chumvi barabarani bolti hizi huota kutu ndani ya bushi zikakataa kugeuka, lakini hizi zina alama mpya za spana, maana yake zimewahi kugeuzwa. Kati ya giaboksi na difu kuna boriti ndefu ya alumini inayoziunganisha. Asiyejua huweka jeki hapo na kuipinda. Imenyooka. Tairi nne anazisoma tarakimu za mwisho ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zina meno ya kutosha, ila zimezeeka, anaandika zibadilishwe.

Ndipo anaposimama chini ya kizingiti cha kushoto. Hatoi nyundo. Anagonga kwa kifundo cha kidole, mbele kuelekea nyuma, nafasi ndogo ndogo, akiweka sikio karibu kama mnunuzi wa nazi anayeitikisa kabla ya kuilipia. Sauti ni kali na safi, kali na safi, kali na safi, halafu karibu na gurudumu la nyuma inazima. Anarudia. Inazima pale pale. Anapitisha kidole na kukuta rangi ya chini imevimba, upana wa kidole gumba. Nje kizingiti kinang'aa. Kutu ilianzia ndani, kwenye maji yaliyokosa njia. Mombasa alikokulia chuma huliwa na upepo wa bahari mbele ya macho ya kila mtu. Hapa chumvi ya barabara hujificha chini, na maji ya paa hujificha ndani ya chuma chenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, anasema, na kuandika herufi nzito kuliko zote kwenye karatasi: C2. Kulia anagonga urefu wote wa kizingiti. Kunaitika hadi mwisho.

Ni vizuri binti ajue yote haya leo. Kwa sheria ya ununuzi ya Uswidi ya mwaka 1990, inayotawala mauzo kati ya watu binafsi, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi baadaye kudai kwa kasoro ambayo alipaswa kuigundua. Macho yake ndiyo ulinzi wake wa kwanza.

Umri wenyewe wa gari haumtishi fundi, na mtu wa Afrika Mashariki ana sababu njema ya kukubaliana naye. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya Safari kwa gari la Kiswidi, Volvo PV544, tena lililokwisha kutumika kabla halijafika mikononi mwake. Volvo nyingine, P1800 ya spoti ya mwaka 1966, ilifikisha maili milioni tatu mwaka 2013 ikiwa na mmiliki yule yule wa kwanza, Mmarekani Irv Gordon. Magari hayo yalidumu kwa sababu kuna watu waliokuwa wakiyatazama kwa makini, na tone likionekana lilifuatwa hadi lilikotoka.

Gari likishushwa, fundi anaiweka karatasi juu ya boneti, kati ya binti na mzee, ili wote wawili waione. Anaipitia herufi baada ya herufi. Rangi ya fenda ni umri, haina lawama. Ringi ya oili ni kazi ndogo. Tairi ni gharama ya kawaida. Kizingiti kitakatwa, kitachomelewa chuma kipya, na tundu la maji litazibuliwa siku hiyo hiyo, la sivyo chuma kipya nacho kitaliwa. Injini, giaboksi na chesisi ni nzima, na faili la mzee lenye stakabadhi zake zote ni sehemu ya thamani ya gari. Hilo la mwisho analisema kwa heshima, akimtazama mzee usoni.

Mzee anaichukua penseli na mwenyewe anapunguza bei kwa kiasi cha kuchomelea na tairi. Fundi haongezi shinikizo. Binti anakubali.

Fundi wa mbao huacha mlango, fundi wa bahari huacha jahazi, na watu wakapita wakasifu. Huyu hakutengeneza kitu siku nzima. Hata plagi alizofungua alizirudisha zilivyokuwa. Alichokifanya ni kuhakikisha kwamba kati ya watu wawili wasiofahamiana hakuna jambo la gari lile ambalo mmoja analijua na mwingine halijui. Kwa hilo aliinama, alilala chini, alingoja injini ipoe na oili idondoke, na hakuna hatua aliyoiruka kwa sababu ile iliyotangulia ilikwenda vizuri. Anayetaka kununua gari la spoti lililotumika, Fittja au Mombasa, na ajifunze kwanza kungoja hivyo, au amtafute mtu anayejua kungoja kwa niaba yake.